Mbwa ninayemlea kwa muda hajabweka hata mara moja, wiki ya tatu hii. Tatizo nini?

#1 BintiMjimwema
Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliofuga mbwa miaka mingi. Niko Kigamboni, naishi na bi mkubwa na mdogo wangu wa kiume. Wiki tatu zilizopita nilipokea mbwa jike kutoka kwa vijana fulani wanaookoa mbwa waliotupwa. Huyu walimtoa mtaroni Tabata, shingoni ana waya wa kuanikia nguo umeshaanza kuzama kwenye nyama. Banda lao limejaa na mbwa wakirundikana ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote, ndio maana wanatafuta watu wa kulea mmoja mmoja majumbani mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Kwahiyo mimi ni mlezi wa muda tu, si wangu. Nakadiria ana miezi minne, rangi ya mchanga, miguu ya mbele kama kavaa soksi nyeupe, mkia umejikunja juu ya mgongo.

Ni mpole kupita kiasi. Paka wa jirani anakuja anakula kwenye sahani yake, yeye anakaa pembeni anasubiri paka ashibe. Muuza samaki anapita na baiskeli anapiga honi mbwa wote wa mtaa wanalipuka, wangu anainua masikio basi. Juzi usiku jirani kaibiwa kuku, mimi nilikuwa macho nikachungulia dirishani, mbwa kasimama kabisa anaangalia upande ule ule, kimya. Nikishika ufagio analala chini tumbo juu anajikojolea. Hajawahi kubweka, hajanguruma, hajalia hata nilipomkanyaga mguu kwa bahati mbaya.

Sasa Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja watu wawili kumwona. Mmoja ana shamba Kibaha anataka mlinzi. Mwingine ni mama mstaafu wa Bunju anaishi peke yake. Mmoja wa wale vijana kaniambia hilo la kutobweka nisilitaje sana maana mbwa akikataliwa mara mbili inakuwa ngumu kumpatia mtu. Roho inaniuma. Hii ni tabia, ugonjwa, au ni kipigo alichopata? Na niwaambie au nisiwaambie?

#2 mzee_wa_gahawa
Binti hongera kwa moyo huo. Jibu langu ni fupi, mbwa hubweka kwao. Hapo kwako anajua si kwao, atabwekea nini? Mwaka 1998 nikiwa Songea nilipewa mbwa na shemeji yangu, dume kubwa tu, miezi miwili hakutoa sauti mpaka watu wakasema nimepewa bubu. Nikamjengea kibanda chake nyuma ya jiko, nikamwekea gunia. Wiki haikuisha akabweka, na wa kwanza kubwekewa nilikuwa mimi narudi usiku.

#3 Kipusa_Tandale
Kwanza jina lake nani? Maana jirani yangu mbwa wake anaitwa Mtasema, akimwita asubuhi mtaa mzima tunajua kasemwa nani 😂😂

#4 BintiMjimwema
@Kipusa_Tandale hahaha sijampa jina, naona jina atapewa na mwenyewe akipatikana. Bi mkubwa ndio anamwita Mgeni na limeshamkaa, akiitwa Mgeni anakuja.

#5 Mlinzi_wa_Zamu
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo ana wiki tatu hajashika jembe, hilo ndo tatizo 😂

Ila seriasi mimi ni mlinzi miaka kumi na moja sasa, nimefanya kazi na mbwa wa kila aina. Mbwa anajifunza kubweka kwa wenzake. Ukimtoa kwa mama yake mapema, kabla ya wiki nane, anakuwa hajui mambo mengi, hajui kung'ata kwa kiasi, hajui hata kucheza. Mpelekee mbwa mwenzake anayebweka akae nae wiki, utaniambia.

#6 Kipusa_Tandale
Nina kijibwa cha miezi miwili na nusu hapa kinapiga kelele kutwa, nikuletee akufundishie?

#7 DrMifugo_Moro
Naomba msifanye hivyo kwanza. @Kipusa_Tandale hicho kijibwa chako kimechanjwa? Cha umri huo kinatakiwa kiwe kimeshaanza chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) tangu wiki ya sita mpaka ya nane, halafu kinarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Kama hakijamaliza usikipeleke kwenye uwanja aliokuja mbwa wa kuokotwa. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, mwaka hata, sabuni ya kawaida haikiui. Inatakiwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, na hiyo ni kwenye sakafu, udongo hauoshi.

@BintiMjimwema naomba majibu ya haya. Moja, mfungue mdomo uangalie meno, chonge zimeshatoka za kudumu? Zile za utoto ni nyembamba kama sindano. Mbwa wa miezi minne ndio kwanza anaanza kung'oka yale ya mbele, kwahiyo kama kinywa kimejaa meno makubwa huyo ana zaidi ya miezi saba, hesabu yako itakuwa imekosea. Mbili, fizi zina rangi gani? Tatu, kupe. Dar na Pwani yote kuna kupe wa kahawia wa mbwa, ana homa zake ambazo zinamfanya mbwa anyong'onyee, asichangamkie kitu, mtu anadhani ni upole kumbe anaumwa. Nne, masikio, ukiangusha sufuria nyuma yake bila kukuona anashtuka?

#8 BintiMjimwema
Asante sana dokta. Nimemwangalia sasa hivi kwa tochi. Meno ni makubwa, chonge nene, nimekosea kweli basi. Fizi za pinki, pembeni kidogo nyeusi. Kupe nilimtoa siku ya kwanza, kwenye masikio na katikati ya vidole, vilijaa kifuniko cha chupa ya maji. Anasikia vizuri, kufuli la geti likiguswa anajua kabla yangu.

#9 FundiJoto
Nyie wote mnazunguka, jibu lipo kwenye post #1. Waya. Waya umezama kwenye nyama ya shingo, sauti itatoka wapi? Koo limeumia. Mimi nina mjomba aliumia koo kwenye ajali ya bodaboda, mpaka leo anaongea kama ananong'ona. Mbwa nae ana koo kama sisi. Hana woga wala nini, amenyang'anywa sauti.

Na hao waliomfunga waya wanajijua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008 ila nani anashtaki kwa ajili ya mbwa koko.

#10 Nyota_ya_Jaha
FundiJoto umeongea kitu. Umeniumiza.

#11 Mpemba_wa_Wete
Asalaam aleikum. Mimi nitasema lisilopendwa. Watu wanajua kichaa cha mbwa ni kile cha kukimbia anauma kila kitu, ila kipo kichaa cha kimya. Mbwa anakuwa mpole ghafla, anajificha, taya inalegea, mate yanamtoka, hawezi kumeza, watu wanamtia mkono mdomoni wakidhani kakwamwa na mfupa. Huyo kaokotwa mtaroni hajulikani historia yake. Dada usimfungue mdomo kwa mikono mitupu kama ulivyofanya hapo #8!!

Kwetu Pemba tulikimaliza mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima, 2016 kikaingia tena, ikawa kazi upya ya chanjo hadi 2018 kikaisha. Mimi mtoto wa ndugu yangu aling'atwa kipindi kile, alipata sindano zote yuko hai, lakini ule wasiwasi wa kusubiri sitausahau.

#12 DrMifugo_Moro
@Mpemba_wa_Wete umesema kweli na umefanya vizuri kusema, kosa ni langu pia kumwambia afungue mdomo bila tahadhari. Ila tuliweke sawa. Mbwa akishaonyesha dalili za kichaa, ya kimya au ya ukali, hafiki mbali, kawaida ndani ya siku 10 anakuwa kafa. Huyu ana wiki tatu, anakula, anakunywa, anameza, taya iko sawa. Kwahiyo ukimya huu sio kichaa. Lakini ugonjwa unaweza kukaa mwilini wiki mpaka miezi kabla ya dalili, kwahiyo chanjo ni lazima na kila mwaka irudiwe. @BintiMjimwema kadi yake ya chanjo inasemaje?

Na kwa wote, mbwa yeyote usiyemjua akikung'ata au akikukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, weka saa, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa wala pilipili. Dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna dawa ya kumrudisha. Upande wa mbwa, mkichanja 70 katika kila mbwa 100 wa eneo ugonjwa unakosa njia ya kuendelea.

#13 BintiMjimwema
Kadi ina dawa ya minyoo tu 😢 sehemu ya kichaa ipo wazi. Kesho nampeleka, kazi nitaomba ruhusa.

#14 lushois_243
Jambo kwenu bandugu, mimi niko Lubumbashi, mtanisamehe Kiswahili yetu. Iyo mbwa yenye haibweke iko ya kwetu Congo. Kule ku pori bawindaji banaifunga kengele ya mti ku shingo, juu yeye haitoe sauti, bila kengele hauwezi kujua inapita wapi ndani ya majani. Bazungu baliibeba Ulaya banaiita Basenji. Mukia inajikunja, paji la uso ina mikunjo, rangi kama ya mchanga, soksi nyeupe. Angalia picha muzuri, iyo ni damu ya kwetu!

#15 Mlinzi_wa_Zamu
Basenji si ndio mshenzi hiyo?

#16 lushois_243
Ndiyo, neno ni moja, ni ya Lingala, mbwa ya batu ya pori. Jina mubaya lakini mbwa muzuri sana.

#17 MtuWaRongai
Niaje wadau, nawasoma kutoka Nairobi. @lushois_243 heshima ila kwa mkia uliojikunja na rangi ya mchanga utapata mbwa elfu hapa Rongai peke yake, na wote wanabweka mpaka asubuhi. Na hao Basenji si bubu, wana sauti yao ya ajabu kama mtu anaimba akivuta vuta, wanalia pia. Huyu wa dada hatoi chochote.

Mimi nimelea mbwa wa muda watatu. Kuna hesabu ambayo watu wa kuokoa wanyama hutumia, siku 3, wiki 3, miezi 3. Siku tatu za kwanza amechanganyikiwa, wiki tatu anaanza kujua ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndio unamjua ni mbwa wa aina gani. Si sheria, ni makadirio tu, ila kwangu imekuwa kweli. Wa pili wangu alikuwa hivyo hivyo, kanyamaza, anakula nikienda ndani tu. Wiki ya saba akabweka na hajanyamaza tangu hiyo siku, majirani waliniandikia barua.

Wa tatu nilishindwa kumtoa. Nilikuwa nimeambiwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa nne yuko hapa amelalia viatu vyangu. Nakuonya mapema dada.

#18 mzee_wa_gahawa
Kijana wa Rongai umerudia nilichosema #2 kwa tarakimu 😂 Hajaona kwao. Wako wa pili wiki ya saba, wangu wiki ya tisa, hesabu zinakaribiana.

#19 FundiJoto
Hao wenu walifungwa waya?

#20 mzee_wa_gahawa
Hapana, hilo nakubali.

#21 jirani_mwema
Mbwa anaona tusivyoviona. Usiku kasimama anaangalia upande mmoja kimya, huyo anaona kitu na kakizoea. Bibi yangu alikuwa anasema mbwa anayenyamaza mbele ya jini ni kwa sababu kaambiwa anyamaze. Msicheke.

#22 Kipusa_Tandale
Jini la kuiba kuku? 😂

#23 jirani_mwema
Cheka tu.

#24 UstadhWaPwani
Assalaam aleikum. Nimeona dada ni Muislamu kwa alivyoandika, nisamehe kama nimekosea. Nataka kukumbusha kwa wema. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba moja wapo kwa udongo. Na imepokewa kwamba anayefuga mbwa bila haja ya uwindaji, mifugo au shamba hupungukiwa thawabu kila siku. Wahenga nao walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini.

#25 MwanaWaLamu
Waaleikum salaam ustadh. Umesema sawa kwa Shafii, ila kamilisha. Kwa Wamaliki mbwa aliye hai ni tohara, si najisi, ni jambo wanazuoni wamekhitalifiana. Na katika Bukhari yumo yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, akasamehewa. Na Ashabul Kahf, wale watu wa pangoni, mbwa wao katajwa ndani ya Qur'ani kanyoosha miguu yake kizingitini. Huyu dada hafugi pambo, kamnywesha mwenye kiu halafu anamtafutia pa kwenda.

#26 UstadhWaPwani
Sijamkataza kumsaidia ndugu yangu, kumsaidia kuna ujira. Nimesema ajihadhari na usafi.

#27 BintiMjimwema
Asanteni nyote wawili, nimewaelewa na sijakasirika. Ndio mimi Muislamu. Mbwa analala baraza ya nyuma kwenye jamvi, haingii ndani, ana sahani yake ya bati na ndoo yake, nguo za kumshikia nina dera moja tu la kazi hiyo. Bi mkubwa siku ya kwanza alisema asimwone. Sasa hivi yeye ndiye anayemkwangulia ukoko na kumwekea dagaa, anamtupia kwa mbali halafu anamwambia "haya Mgeni, kula, usione haya". Hajamgusa hata siku moja. Mbwa akimwona anakaa chini mwenyewe kabla hajaambiwa.

#28 DrMifugo_Moro
Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inavunjika kama vipande vya kioo. Na vitunguu kwenye mchuzi navyo ni sumu kwake. Ukoko na dagaa sawa.

#29 MkulimaRuvu
Nimechelewa kuuona uzi. Mimi niko Ruvu na naomba usimpe mtu wa shamba, nasema kama mkulima. Najua mbwa wa shamba wanavyoishi. Mchana mnyororo, usiku anafunguliwa, chakula ni pumba, akishindwa kazi anafukuzwa au anapotea na hakuna anayeuliza. Mbwa anayelala tumbo juu akiona ufagio, siku ya kwanza kijana wa shamba akishika mpini wa jembe itakuwaje? Mpe yule mama.

#30 Mlinzi_wa_Zamu
Napinga. Inategemea shamba. Shamba lenye mbwa wengine ndio dawa yake kama nilivyosema #5, atajifunza kwao. Mama mstaafu anayeishi peke yake Bunju nae anahitaji ulinzi kuliko hata mwenye shamba, ukimpa mbwa bubu umemdanganya usalama wake. Akivamiwa?

#31 Nyota_ya_Jaha
Mama hajasema anataka mlinzi. Soma post ya kwanza, kasema tu anaishi peke yake.

#32 Mlinzi_wa_Zamu
Ndio maana nasema aulizwe.

#33 MtuWaRongai
Hapo kwa kuuliza niko na Mlinzi. Dada waambie wote wawili kila kitu, waya, ufagio, kunyamaza, mkojo. Mbwa akirudishwa ni mbaya kuliko akikataliwa. Wangu wa kwanza alichukuliwa na familia, sikuwaambia anaogopa watoto wakikimbia, nilidhani itaisha. Wiki mbili wakamrudisha, na yule mbwa aliyerudi hakuwa yule niliyempeleka. Alikuwa halali. Anatembea usiku kucha kwenye simiti unasikia kucha tik tik tik. Nilijilaumu na bado najilaumu.

#34 FundiJoto
Mtaka mlinzi anunue kengele ya umeme.

#35 BintiMjimwema
MREJESHO. Nimempeleka kwa daktari jana. Uzito kilo 11, joto 38.6, kasema ni sawa. Umri kasema miezi minane mpaka tisa, Dr wa Moro ulikuwa sahihi. Damu wameangalia kwenye darubini hawakuona vijidudu vya kupe, ila kasema kipimo kile kinaweza kukosa, akizubaa nimrudishe. Chanjo ya kichaa kapata, kadi imepigwa mhuri. Kizazi atafungwa akishapata nguvu. Kwenye sindano hakutikisika, alinitazama tu. Shingoni kidonda kimekauka, imebaki duara lisilo na manyoya upana wa kidole kidogo. Daktari kamshika koo kaminya taratibu, kakohoa kidogo, kasema kwa mikono tu hawezi kujua ndani kukoje, inatakiwa kifaa cha kuingiza na kamera na mbwa alazwe usingizi, pale hawana.

Sasa sikilizeni. Usiku wa kuamkia leo saa nane nilitoka kunywa maji, nikasikia kitu nyuma. Nikafungua dirisha polepole. Mgeni kalala ubavu kwenye jamvi, miguu inatikisika kama anakimbia, mashavu yanajaa upepo yanatoa "wuf... wuf wuf" midomo imefungwa. Anabweka usingizini! Kidogo sana kama mtu anakohoa kwenye mto lakini ni kubweka, nimesimama pale mpaka akaacha. Nilitaka kurekodi simu ikawa giza tu. Alipoamka akaniona, akatikisa mkia mara mbili, kimya kama kawaida.

#36 Nyota_ya_Jaha
Jamani 😭😭

#37 mzee_wa_gahawa
Haya, sauti ipo. FundiJoto unasemaje? Anajua kubweka ila anajizuia. Kuna mtu alimpiga kila akibweka, ndio akajifunza kuwa sauti ni fimbo. Usingizini hajizuii.

#38 FundiJoto
Sibadilishi. Mjomba wangu pia anaongea, ila kwa kunong'ona. Wuf ya mdomo kufungwa si kubweka kwa nguvu, hiyo ni pumzi. Inawezekana akibweka kwa nguvu inamuuma, basi haijaribu akiwa macho.

#39 DrMifugo_Moro
Mbwa wengi hubweka hivyo usingizini hata wazima kabisa, wadogo zaidi. Inaonyesha nyuzi za sauti zinatikisika kwa kiasi fulani, haionyeshi kama zinaweza kubweka kamili. Hoja ya FundiJoto na ya mzee zote mbili zinasimama, na zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Bila kuangalia ndani sitasema zaidi.

#40 lushois_243
Na damu ya Congo nayo inaweza kuwa. Inabweka kidogo kidogo ivi ivi.

#41 MtuWaRongai
Haya bwana 😂 hutaacha.

#42 Mlinzi_wa_Zamu
Mimi nashikilia hajafundishwa. Usingizini ni kitu cha kuzaliwa nacho, macho ni kitu cha kufundishwa.

#43 jirani_mwema
Na aliyekuwa anambwekea ndotoni ni nani?

#44 Kipusa_Tandale
Mwizi wa kuku 😂 @jirani_mwema nakutania, usinune. Ila binti, swali la kweli, hivi wewe huwezi kumbakisha? Nyie watatu hapo mnaonekana mmeshamzoea.

#45 BintiMjimwema
Kila mtu ananiuliza hilo. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba alikubali kwa mwezi mmoja na nusu tu. Na nikimbakisha huyu sitaweza kupokea mwingine, juzi tu vijana wamenipigia wana watoto wanne wa mbwa wametupwa kwenye mfuko wa salfeti. Nimelia, nisiseme uongo. Lakini nikifunga mlango hapa kwangu wale wanne wanaenda wapi?

Nimewapigia wote wawili jana jioni. Nimesema kila kitu kama mlivyoniambia, hadi mkojo. Yule kijana aliyenishauri nisiseme nimemwambia pia kwamba nimesema, hakufurahi, sawa.

Wa Kibaha kanyamaza kidogo halafu akasema ana mbwa watatu wanabweka vya kutosha, hawafungi mchana, ana uzio, atakuja tu. Nikamuuliza nani anakaa nao, akasema yeye na mkewe, hawana kijana wa shamba. Kwahiyo MkulimaRuvu shamba hili si lile ulilolisema.

Mama wa Bunju kaniuliza swali moja tu, kama anaogopa radi. Nikasema sijui, mvua haijanyesha tangu aje. Akasema yeye anaogopa.

#46 MkulimaRuvu
Kama hafungi mnyororo nafuta nusu ya maneno yangu. Nusu inabaki. Mpe mama.

#47 Mlinzi_wa_Zamu
Mbwa watatu wanaobweka, uzio, hakuna mnyororo. Mpe wa Kibaha! Mnataka nini tena?

#48 Nyota_ya_Jaha
Mama kasema yeye anaogopa radi, mmesoma hiyo?? Mimi kura yangu imeenda.

#49 MwanaWaLamu
Waacheni waje, mwacheni na mbwa amwone mtu. Kaeni mbali, msimvute, muone ataenda kukaa karibu na nani.

#50 MtuWaRongai
Hiyo ya Lamu ni nzuri ila siku moja mbwa mwenye woga ataenda tu kwa yule asiyesogea. Waombe waje mara mbili. Na yeyote atakayemchukua ampe wiki za majaribio na namba yako, akishindwa amrudishe kwako, asimpe mtu mwingine.

#51 mzee_wa_gahawa
Na umpe na jamvi lake, usilifue. Lina harufu ya kwenu.

#52 Kipusa_Tandale
Tunampelekaje? Kwenye daladala hawakubali mbwa. Pantoni wanakubali?

#53 BintiMjimwema
Wa Kibaha ana pikapu. Wa Bunju hana usafiri, akimchukua yeye nitakodi bajaji mpaka huko, pantoni asubuhi mapema kabla watu hawajawa wengi, nimejaribu Jumapili kumpeleka mpaka Magogoni na kurudi ili azoee. Alitetemeka mpaka katikati ya maji, nikamfunika kichwa na kanga akatulia. Watu walitupisha.

Wa Kibaha anakuja saa nne asubuhi, mama saa kumi jioni. Bi mkubwa kauliza watakula nini wageni, nikamwambia ni watu wa mbwa tu wanakaa nusu saa. Kasema hata kama, kaloweka mchele.